Pembe ya Kwanza ya Mzee Nthiga

Timau,
14 Januari 1996

Mukami wangu,

Huku baridi imekaza hata mbwa wa Bwana Pruitt hawatoki jikoni, lakini mimi nina joto langu, barua yako ya Krismasi. Nimeisoma mara nyingi kuliko ninavyoweza kukubali mbele ya Kiambi, ambaye tunalala naye chumba kimoja na ambaye hana breki ya mdomo. Kwa hivyo baba yako amekubali nije Siakago na wazee wangu, na ameuliza swali moja tu: huyo Mmeru ataleta kinywaji gani?

Sasa nitakuambia kitu ambacho sijawahi kukuambia, kwa sababu mama yako ni wa kanisa na chifu wa huku ana masikio marefu. Unajua ninasimamia ngano na mahindi ya huyu Mmarekani. Usichojua ni kazi ninayofanya nyuma ya ghala. Tunapika kinywaji. Si cha kuuza, ni chake na wageni wake, na mpishi ni mimi.

Kwao kunaitwa Kentucky. Anasema babu zake walikuwa wakulima wa mahindi kama sisi, barabara mbovu kama zetu, na mahindi yalikuwa yanaoza kabla hayajafika sokoni. Wakaona heri wayapike yawe kinywaji, maana kinywaji hakiozi. Wakakitia kwenye mapipa, mapipa yakashushwa mtoni kwa mashua hadi miji ya mbali, safari ya miezi. Kiliondoka kikiwa cheupe na kikali, kikafika kikiwa chekundu na kitamu, na watu wa huko chini wakaanza kukiitisha kwa jina la kilikotoka. Ndani pipa huchomwa moto mpaka linakuwa jeusi kama chungu cha githeri. Nani alianza kulichoma, hakuna anayejua. Kuna wanaosema ni mtu aliyenunua mapipa ya samaki akataka kutoa harufu. Bwana Pruitt anasema hiyo ni porojo, halafu anaisimulia tena kila akipata wageni.

Mwambie mzee tunavyofanya. Mahindi yanasagwa na kupikwa kama uji mwepesi. Yakipoa kidogo tunaongeza ngano ya hapa Timau, ndiyo inayolainisha, halafu kimea cha shayiri. Tunachanganya na masalio ya mpiko uliopita ili mpya ujifunze kutoka kwa wa zamani. Unachemka wenyewe bila moto, unapiga povu siku kadhaa, ukinyamaza tunautia kwenye mtambo wa shaba. Kinachotoka kwenye bomba ni cheupe kama maji, na ukikimeza ni kama umepigwa kofi. Hicho ndicho kinaingia kwenye pipa. Pipa ni la mwaloni, ule mti wa Ibrahimu kwenye Biblia, uliletwa kwa meli. Mchana jua la Timau linakisukuma ndani ya mbao, usiku baridi ya mlima inakirudisha. Kinaingia na kutoka mwaka baada ya mwaka, na kila kikitoka kimebeba rangi na utamu kidogo.

Mwaka wa 1990 Bwana Pruitt alinipa pipa langu mwenyewe. Nilipika mimi, nikalijaza mimi, nikalifunga mimi. Alisema nitalifungua siku ya kuoa. Kila mwaka tukimaliza kuvuna ngano tunachota kikombe kidogo, tunaonja, tunafunga. Sehemu nyingine hukauka na kupotea hewani, na kwao husema hiyo inanywewa na malaika.

Nitakuja na hilo pipa. Hakuna mkwe aliyewahi kuingia kwenu Mbeere na kitu kama hicho, na ninakiri najivuna.

Wako anayehesabu wiki,
Mbaabu

*

Siakago,
28 Januari 1996

Mbaabu,

Nimekusoma na nikakuelewa, pamoja na ile siri uliyonificha miaka mitatu tuliyojuana. Hiyo tutaiongelea siku tukikaa.

Barua yako nilimsomea baba. Anajua kusoma lakini hupenda kusomewa, anasema macho yake ni ya kuangalia mbuzi. Tulikaa nje karibu na zizi, mama akajifanya anachambua pojo ili asikie. Baba aliifurahia. Ile ya mashua aliitaka mara mbili. Ulipofika kwa mwaloni, mama naye alisema "kumbe," na wewe unajua mama hasemi kitu kuhusu pombe.

Halafu nikafika kwa kikombe kidogo. Baba akaniinulia mkono. "Wanaonja? Nani anaonja?" Nikasoma tena. Akaanza kuhesabu kwa vidole. "Mzungu ameonja. Kijana ameonja, kila mwaka. Hata malaika wamekunywa. Sasa mimi niko namba ngapi?"

Najua utacheka, lakini usicheke. Kwa baba hii si mchezo. Njovi ya asali, pombe yetu, ikiwa tayari kwa mambo ya binti, mwenye boma ndiye anayefungua na pembe ya kwanza ya kunywea ni yake. Hakuna mdomo unaotangulia, hata wa kuonja chumvi. Wakati ndugu yangu Gitari alienda kuoa, kijana mmoja wa upande wetu aliramba kizibo cha kibuyu njiani. Baba yake Njoki, binti aliyekuwa anaposwa, aliona mdomo unang'aa, akawarudisha wote nyumbani na kinywaji chao, na Gitari akakaa mwaka mzima bila mke. Baba alimuunga mkono baba yake Njoki. Alisema yeye pia angefanya hivyo hivyo.

Nilimwambia mpishi lazima aonje. Akasema mpishi aonje chakula cha watoto. Pipa lako ameliita masazo. Nasikitika kuliandika hilo neno lakini ndilo alilosema, na amesema kama huna kitu ambacho hakijaguswa na mdomo wa mtu, basi usipande gari kuja huku. Kuna mgane wa Ishiara, mtu wa maduka, ambaye amekwisha kuuliza habari zangu mara mbili, na mama anaanza kusema ni mtu mpole.

Nina miaka ishirini na saba, Mbaabu. Sitaki mtu mpole wa maduka. Tafuta njia.

Mukami

*

Timau,
11 Februari 1996

Mukami,

Masazo. Nimekaa na hilo neno wiki nzima, nimelala nalo na kuamka nalo.

Miaka sita nimelinda pipa hilo. Nililihamisha mwenyewe ghala lilipovuja. Nimekataa pesa ya watu wazito wa Nanyuki waliotaka kulinunua, na Bwana Pruitt alijua nimekataa kwa sababu ya nini. Unafikiri tunaonja kwa ulafi? Usipoonja hutajua kama mbao zimekishinda kinywaji kikawa kichungu kama mwarobaini. Kuonja ndiyo kazi yenyewe. Lakini sawa, mimi ni mtu wa kupeleka masazo kwa wakwe.

Basi mwambie mzee hivi, umsomee neno kwa neno. Kama anataka kitu ambacho hakuna mdomo umegusa, kipo. Ni kile cha kwanza kabisa kutoka kwenye bomba, kinatangulia vyote. Bwana Pruitt mwenyewe hakigusi, mimi sikigusi, na hao malaika nadhani pia wanakiogopa. Kila tukipika tunakikinga kando kwenye jerikeni ya buluu na hakijawahi kuonjwa na mtu tangu nije hapa. Kinashika moto kuliko mafuta ya taa. Kiambi huwashia jiko. Hicho naona ndicho kinamfaa mtu mkubwa kama baba yako, na sisi wengine tutakunywa masazo yetu huku Timau.

Nimekasirika. Nitaandika vizuri wiki ijayo damu ikitulia.

Mbaabu

*

Siakago,
3 Machi 1996

Mbaabu,

Wiki ijayo yako imekuwa ndefu. Nimengoja barua nyingine, haijafika, na huku mambo yamekimbia mbele yangu.

Ile ya hasira ilikuja wakati baba alikuwa ameketi karibu na mimi. Nilitaka kuiruka sehemu fulani lakini ananijua, nikisita anasema "rudi nyuma." Nikasoma yote. Nilijua atainuka achukue fimbo yake na hadithi yetu iishie hapo.

Hakuinuka. Alijipiga paja akacheka mpaka akakohoa. "Kumbe huyo kijana ana adabu," alisema. "Amenitunzia ya kwanza, na hata mzungu wake amemkataza asiiguse." Ile ya kushika moto ilimfurahisha zaidi. Hapa kwetu mtu akitaka kujua kama chang'aa ni ya kweli huimwagia kidogo kwenye jiwe na kuiwasha, na ikiwaka vizuri husifiwa. Sasa yako inawasha jiko. Ameisimulia soko lote. Wazee wa rika lake wanajua kwamba Nthiga anapelekewa kinywaji ambacho hakuna binadamu amekionja.

Siku imewekwa, Jumamosi tarehe thelathini mwezi huu. Baba anataka kinywaji kilale kwake kabla ya siku hiyo, ndivyo anavyotaka, kwa hivyo Gitari atakuja Timau kukichukua katikati ya juma hilo. Ukiwa shambani mwambie Kiambi ampe. Nyinyi mtakuja Jumapili, wazee wakishakubali kinywaji, na huo ndio mpango wa baba, usiubishie.

Ningepaswa kufurahi na nimefurahi. Lakini nina swali. Kwa nini Bwana Pruitt hakigusi? Nimejiambia labda na wao wana heshima ya aina hiyo, kwamba ya kwanza huachiwa mkubwa. Halafu nakumbuka ulikuwa umekasirika ulipoandika. Nijibu haraka, hata kwa mstari mmoja.

Mukami

*

Timau, Ijumaa jioni,
29 Machi 1996
Kwa mkono wa Kiende

Mukami, asinywe.

Barua hii nampa Kiende, mama wa viazi, ambaye lori lake linaelekea Embu alfajiri. Amekubali kuacha njia yake apitie Siakago, Mungu ambariki. Ukiipata, wacha kila kitu na usome ukiwa umesimama.

Kile cha kwanza kutoka kwenye bomba ni sumu. Mtambo ukianza kupata moto, vitu vibaya ndivyo hutangulia kupanda, na kila mpishi anajua hivyo ni vya kukinga kando. Vinaua macho. Mtu anaweza kupofuka, na akinywa kingi anakufa. Hatuvinywi kwa sababu hiyo, si kwa heshima ya mtu. Vya mpiko mmoja ni vichache, lakini jerikeni ile ni ya mipiko ya miaka. Tunavitumia kuwasha jiko na kusafisha vyuma. Niliandika vile kwa hasira. Nilikuwa namdhihaki mzee, na sikufikiri kuna mtu duniani atakayesikia maneno hayo na kuyataka.

Hukupata barua kwa sababu siku chache baada ya ile ya hasira uji wa moto ulinimwagikia mguuni, nikalazwa Nanyuki. Kidonda kiliingia uchafu wakanishikilia mwezi na zaidi. Nimerudi leo saa kumi. Barua yako ilikuwa juu ya kitanda changu, haijafunguliwa. Niliisoma nikamuuliza Kiambi jerikeni ya buluu iko wapi. Akasema, "Si shemeji yako alikuja akachukua? Nilimfungia vizuri isimwagike." Hana makosa. Gitari alimwambia nimekubali kwa barua.

Posta imefungwa. Ofisi ina simu, nimepiga posta ya Siakago mpaka opareta akanikemea, hakuna anayeshika. Nilimwomba Kiende anibebe. Mbele ni yeye na dereva, nyuma ni magunia mpaka juu, na mguu huu hauwezi kushikilia kamba barabara ile. Nilijaribu kupanda nikaanguka mbele ya watu.

Mwambie mzee chochote. Mwambie mimi ni mshenzi, ni kweli. Avunje uchumba kama anataka, akuoze kwa mgane wa Ishiara siku hiyo hiyo, mradi asitie kitu hicho mdomoni. Wala mtu mwingine yeyote.

Mbaabu

*

Timau,
4 Aprili 1996

Mukami,

Kiende amerudi. Anasema alifika kwenu Jumamosi mchana, watu wamejaa, akakupa barua langoni. Anasema ulisoma mpaka mwisho, ukaikunja ukaitia kifuani, ukaingia ndani bila kumuaga. Viazi vyake vilikuwa juani, hakungoja.

Zaidi ya hapo sijui kitu. Nimepiga simu tena na aliyeshika alisema ana habari za mgonjwa kwa Nthiga lakini hajui ni nani. Nikamuuliza ni mzee? Akasema hajui, laini ikakatika.

Sili. Bwana Pruitt amenikuta nimekaa mbele ya mtambo bila kuwasha moto, akaniuliza nini, nikasingizia mguu. Niandikie hata matusi.

Mbaabu

*

Siakago,
14 Aprili 1996

Kwa Mbaabu wa Timau,

Ninayesema hapa ni Nthiga. Anayeandika ni Gitari, na nimemwambia aandike ninavyosema asinipambie.

Sikunywa. Kwa hivyo unaweza kulala juu ya jambo hilo, lakini usilale mapema, maana bado sijamaliza.

Siku ile wazee walikuwa wamekaa na jerikeni yako iko mbele yangu. Nilikuwa nimeshamimina, pembe imejaa. Binti yangu akaingia mahali ambapo wanawake hawaingii wakati pembe iko nje. Alisema, "Baba, usinywe hiyo." Nilimwambia atoke. Akasema tena, "Baba, usinywe, ni mbaya." Mmoja wa rika langu akacheka, akasema Mmeru ameona ametoa kitu kizuri sana sasa anakitaka kirudi. Wote wakacheka. Na mimi nilicheka, maana nilikuwa nimejisifu soko zima na sikutaka kuonekana mtu wa kugeuzwa na mtoto mbele ya watu. Nikainua pembe.

Akaninyang'anya. Akanywa yeye.

Si kuonja. Alimeza mara tatu, koo lake nililiona. Halafu akaiweka chini mbele yangu, akasema, "Sasa imeguswa." Hivyo tu. Alijua kwamba baada ya mdomo wake mimi siwezi kuigusa, na kwamba wazee wale hawawezi kuniruhusu hata kama ningetaka. Alinishika kwa desturi yangu mwenyewe.

Nilisimama na fimbo. Winfred, mama yake, alinishika mkono, na katika miaka yote hajawahi kunishika mkono mbele ya watu. Nilimwaga pembe na jerikeni yote chini. Nikamwambia binti yangu maneno ambayo Gitari hatayaandika. Wazee wakaondoka, na mimi nikaketi hapo mpaka giza nikiwaza jinsi nilivyoaibishwa.

Asubuhi alianza kutapika. Mchana akauliza kwa nini kuna ukungu ndani ya nyumba, na hapakuwa na ukungu. Mama yake alipomvua nguo akapata barua yako. Gitari akanisomea. Tulimbeba hadi hospitali Embu kwa gari la jirani, na njia yote alikuwa amefumba macho akisema mwanga unamchoma.

Tangu hapo nimemwambia Gitari anisomee tena ile barua yako ya Februari, polepole. Mara ya kwanza nilisikia sifa. Sasa nimesikia kicheko. Ulinicheka, kijana. Nimekasirika kwa hilo na nitakaa na hasira hiyo muda wangu.

Lakini kuna jambo jingine na nitalisema. Mtoto alisema "usinywe" mara mbili. Nilisikia mara zote mbili. Sikuwa kiziwi. Kosa lako lilikuwa mbali huko Timau, langu lilikuwa mbele ya macho yangu, na aliyelipia yote mawili ni yeye.

Barua iliyokuja kwa mkono ulijua itakuaibisha na bado uliituma. Mtu mwoga angekaa kimya aone itakavyokuwa. Kwa sababu hiyo sikukatai. Sitaki kinywaji chako, cha kwanza wala cha miaka sita. Nimewaambia wazee kwamba kwa binti huyu hakuna pembe nitakayoinua, na anayetaka kuniuliza sababu aje aniulize. Kwa upande wangu nimekubali.

Usije mpaka uitwe.

Nthiga wa Siakago

*

Siakago,
28 Aprili 1996

Mbaabu,

Nimeandika hii mwenyewe. Ukiona mistari inapanda na kushuka, ni kwa sababu naandika kwa herufi kubwa na karatasi naiweka karibu na pua. Barua zako zote za mwezi huu nimesomewa na Ednah, tunayefundisha naye. Alizisoma kama anayesoma matokeo ya mtihani wa mtu aliyefeli, kwa hivyo usidhani zilikuwa na utamu wowote.

Daktari anasema nina bahati, kilikuwa kidogo na nilifika kabla hakijamaliza kazi. Unajua dawa yake ni nini? Pombe safi. Walinipa ya hospitali kwa kipimo, mchana na usiku, ili ile mbaya isipate nafasi mwilini. Mama alikaa karibu na kitanda na Biblia yake akiniangalia nikilewa kwa amri ya daktari. Nilicheka sana, kisha nililia, sikumbuki kipi kilitangulia.

Jicho la kulia limerudi karibu lote. La kushoto bado lina kitu katikati, kama mtu ameweka kidole. Nikimwangalia mtu usoni naona masikio yake na sioni mdomo. Wanasema linaweza kupona au kubaki hivyo. Muhula huu sitafundisha. Ubaoni sioni nilichoandika.

Umeniuliza kama nilijua ninachofanya. Nilijua. Kiende alinipa barua, nikaisoma yote, na neno "sumu" nililisoma vizuri sana kwa macho yangu mawili mazima. Niliingia nikasema na hakunisikia. Hilo neno lenyewe sikulitaja mbele ya wazee, wala usiku ule, kwa kuogopa watakuita muuaji. Pembe ilikuwa inapanda. Kama ningeipiga ikamwagika, angemimina nyingine, jerikeni ilikuwa bado nzito. Kulikuwa na kitu kimoja tu kingemzuia, nami nilikuwa nimelelewa nacho. Nilifikiri nitashika mdomoni niteme. Lakini walikuwa wananiangalia wote, na ningetema wangesema nimeigiza. Ikabidi nimeze.

Baba amebadilika. Ananiletea uji mwenyewe asubuhi, anakaa mpaka nimalize. Jana aliniambia amekuandikia na amekubali. Alisema kama mtu anayenipa zawadi, na alistahili nimshukuru, nami nikamshukuru. Mama tayari ameanza kuuliza habari za kitambaa. Gitari anataka kujua mtakuja wangapi. Nyumba nzima inafikiri jambo limekwisha.

Sasa nisikilize. Unaandika kila mara kwamba ulimdhihaki mzee na kwamba unajuta. Hukumdhihaki mzee peke yake. Mzee alikuwa Siakago hajui kusoma hasira yako. Uliniambia nimsomee neno kwa neno, nami nikakaa kwenye kigoda nikamsomea, kwa sauti yangu, nikikutetea moyoni kwenye kila mstari. Dhihaka yako ilipita mdomoni mwangu ndipo ikamfikia. Nilikuuliza swali moja kwa haraka na ulikuwa umelala na mguu, hilo si kosa lako. Lakini siku ile ya Februari hukuwa umelala. Ulikuwa na kalamu, ulijua ni sumu, ukaiita zawadi ya mtu mkubwa kwa sababu ulikuwa umeguswa pabaya. Ungeandika "ni sumu," maneno mawili, na bado ungeweza kutukana upendavyo.

Bado nakupenda, na hilo linaniudhi. Usiku nikifumba macho nakuona vizuri kuliko ninavyomwona mtu yeyote mchana. Lakini najiuliza siku nyingine mtu atakapokugusa pabaya, katika nyumba yetu, na watoto wamo, utamwaga nini mezani na kutuachia sisi tugundue.

Usiniletee majibu ya haraka, wala wazee, wala pipa. Ukitaka kuandika, andika ukiwa umetulia, ueleze utaishije na hasira hiyo, na uandike ukijua kwamba sitamsomea mtu.

Baba alikuwa wa kuombwa, umemwomba, amekubali. Mama amekubali. Gitari amekubali. Aliyebaki ni mimi, na mimi bado sijasema ndiyo.

Mukami